Sala ya Mama Neema

Habari ya kifo cha Mama Neema niliipata kwenye simu, katikati ya sauti za wasichana. Wasichana wa siku hizi hapa Rubavu wana kikundi chao ndani ya simu. Aliyeshikwashikwa na bosi wake, aliyesumbuliwa na mwalimu, aliyeharibiwa na mjomba nyumbani, wote huingia humo bila majina, huacha ujumbe wa sauti, na wenzao huwajibu. Yupo aliye Kigali, yupo aliye Goma, yupo aliye Ubelgiji kabisa. Mimi na umri wangu huu niliombwa niwe msikilizaji wa kwanza. Sauti inanifikia mimi, naangalia kama kuna jina la mtu au la mahali limeponyoka, ndipo naipitisha kwa wengine. Wananicheka. Wanasema Tantine, shangazi yao, anasikiliza ujumbe wa dakika mbili kwa nusu saa, na hawasemi uongo. Nasikiliza mpaka mwisho, narudia, hata pale mtu amekwisha kusema yake na kilichobaki ni kelele za sufuria. Hawajui kwa nini, na sikuwahi kuwaambia. Asubuhi hiyo nilikuwa na msichana mmoja sikioni, analia, ikaingia habari nyingine: yule mama aliyekuwa anauza viazi sokoni amefariki, mazishi ni Alhamisi. Niliweka simu mezani nikakaa. Kulikuwa na neno moja la kweli ambalo nilipaswa kumwambia mama yule, na nilikuwa nalo tangu mwaka tisini na tisa. Kila mwaka nilisema nitamwambia. Nilikuwa namwona karibu kila wiki, nanunua viazi vyake, namsalimia, naondoka nalo vilevile.

Mwaka tisini na tisa nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tulikuwa tumerudi kutoka Kongo na wazazi wangu, na habari za wazazi wangu naziacha, hawakuhusika. Nilikuwa na ujuzi mmoja tu duniani: kupiga taipu haraka bila kuangalia vidole. Huo ndio ulionipeleka kwa Madamu Perpetua. Alikuwa mtafiti, ametumwa na chuo kikuu, anataka kujua wanawake wananyanyaswa vipi na wakubwa wao wa kazi, nani wanamwambia, na wasipomwambia mtu wanafanya nini na hayo mambo ndani yao. Alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, na sisi tuliotoka Goma tulikuwa tunakiiga akigeuka mgongo. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kusalimia na kununua nyanya. Ndiyo maana alinihitaji. Angekuwa na Kinyarwanda kizuri, ningebaki nyumbani nakuna miguu.

Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la mafundi wa nguo. Kati yetu na mafundi kulikuwa na ukuta wa mbao, na mbao zilikuwa zimekauka zikaachana, kwa hiyo maneno yao yote yalikuwa ni yetu: nani kaoa, nani kakimbia, nani kapunguza suruali ya watu akatengenezea mwanawe kaptula. Ndani kulikuwa na meza mbili, mashine ya taipu, rekoda ya kaseti yenye visikilizio, na dirisha ambalo ukisimama pembeni ulikuwa unaona kipande cha ziwa kati ya mabati mawili. Nje mlangoni tulikuwa na imbabura yetu, jiko la mkaa, na juu yake maharage kila siku ya Mungu. Vita vya milimani vilikuwa vimetulia, lakini watu hawakuwa wametulia. Wanawake kumi wakiingia nyumba moja, kabla ya chai kuiva mtu ameshakuja kuuliza wanapanga nini. Kwa hiyo walikuja mmojammoja, kila mmoja na kikapu kana kwamba ameleta nguo ya kushonwa. Tulikuwa tunasema chini, cherehani zao zikitufunika, na mafundi waliamini tunauza vitenge vya magendo, wakatuheshimu kwa hilo.

Huku kwetu mtu hafungui mdomo kwa jambo zito bila kuomba kwanza, na haufungi bila kuomba tena. Mwanamke alikuwa akikaa, anasalimia, anauliza habari za nyumbani, anasema "tuombe", na mimi nahesabu mbao za dari. Madamu Perpetua alikuwa na desturi yake. Sala ikianza, anazima rekoda mbele ya mwenyewe, waziwazi, anainamisha kichwa. Amina ikisemwa, anawasha. "Sala ni ya mtu na Mungu wake," aliniambia siku ya kwanza. "Sisi hatuiandiki, wala haturekodi. Unanielewa?" Nilimwelewa upesi sana. Mwaka ule mimi na Mungu hatukuwa tunasalimiana. Nilikuwa nimeona mengi njiani, na nilikuwa nasikia mengine kila siku ndani ya vile visikilizio, na mtu akianza kuomba nilikuwa nachoka mpaka kwenye mifupa. Nikajizoeza. Nikisikia "tuombe" katika kaseti, navua visikilizio, nageuza karatasi.

Mama Neema alikuja baada ya Pasaka. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito ya kiume kidogo, mikono imepasuka kwa maji na magamba. "Musikasirike na harufu," alisema akiwa bado mlangoni, "mi natoka ku kazi." Kazi yake ilikuwa kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mitumbwi inapofika asubuhi, kuzianika na kuziuza. Aliomba, Madamu akazima. Akasema amina, Madamu akawasha, naye akaeleza bila kulia. Pale wanaponunulia kulikuwa na mukubwa mmoja mwenye mzani, yeye ndiye anayesema nani apimiwe kwanza na nani asubiri mpaka samaki waishe. Mwanamke asiye na mume anaitwa ndani ya depo kuhesabu vikapu. Jina la mwenye mzani hakulitaja, tulikuwa tumemkataza. "Nikitoka mule, najipangusa," alisema, "nabeba samaki yangu, naenda kuuza. Nitafanya nini, Madamu? Batoto banakula." Alikuwa na watoto watatu, mkubwa ni huyo Neema, wa miaka tisa. Alipomaliza alituangalia sote wawili, akauliza: "Na bengine banasema nini?"

"Siruhusiwi kukuambia, mama," Madamu akamjibu. "Walichosema wao ni siri, kama chako kilivyo siri."

"Bon. Donc we unakula peke yako."

Madamu Perpetua alicheka, lakini niliona limemchoma. Wiki iliyofuata akasafiri kwenda chuoni kwa siku kumi na nne, akaniacha na taipu. Siku ya pili Mama Neema akaja na sahani ya sambaza za kukaanga, amezifunika na sahani nyingine. Nilikuwa nimechemsha viazi. Tulikula kwa mikono, viazi vinatoa moshi, na alipomaliza kulamba vidole akauliza tena lile swali lake, bengine banasema nini. Sikuwa mtu wa kuvunja masharti. Lakini alikuwa amekaa pale, mwanamke mzima aliyeamini kwamba katika mji wote huu ni yeye peke yake aliyeitwa kuhesabu vikapu, na kabatini nyuma yangu kulikuwa na kaseti kumi na moja. Nikamvisha visikilizio. Nikaweka kaseti ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa Kanama, tuliyemrekodi kwake nyumbani, ambaye mkubwa wa shule yake ya kwanza alimsumbua miaka miwili mpaka akahamishwa. Mwalimu yule alikuwa mwenye aibu, anasema sentensi moja anapumzika, na nyuma ya sauti yake kuku walikuwa wanagombana uani. Mama Neema alisikiliza ameshika visikilizio kwa mikono miwili, machozi yanafika kidevuni hayafuti. Kisha akavivua. "Huyu mutu iko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Sawa. Lakini mi minataka kumujibu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na hakuna profesa aliyeipanga. Nilimrekodi, nikapeleka jibu Kanama chini ya unga wa muhogo, nikarudi na jibu la jibu. Madamu aliporudi wanawake wanne walikuwa wanazungumza, na kufikia kiangazi walikuwa watano. Mwenye redio ya kaseti alisikiliza chumbani kwake sauti ikiwa chini, anageuza kaseti, anawasemesha wengine, asiye nayo alikuja kwetu, na mimi nazungusha. Hawakujuana majina wala sura. Kulikuwa na anayekohoa, kulikuwa na aliyekuwa anaanza kila neno na "enfin", kulikuwa na dada wa kuku, yaani mwalimu. Ungedhani watakuwa wanalia tu. Wapi. Waliambiana mambo madogo ya kazi: ukiitwa ofisini usikae kiti cha ndani, simama mguu mmoja nje ya kizingiti, ukiingia na mtoto wa mtu mgongoni mwanaume yule hupoa. Siku moja dada wa kuku akasema: "Wewe mwenye sauti nzito, jana nimeenda kazini nimevaa lile gauni la bluu ambalo sikulivaa miaka sita." Nilipomwekea Mama Neema maneno hayo alipiga makofi mara moja, akataka arudishiwe nyuma, akasikiliza tena. Nafikiri sikuwahi kufanya kazi iliyonipa raha kama ile, kabla au baadaye.

Madamu alikasirika alipojua, akanigombeza kwa Kiswahili kirefu ambacho mafundi upande wa pili walinyamaza kukisikiliza. Kisha nikaona anavuta daftari lake. Watafiti ndivyo walivyo, hasira yao haizidi kurasa mbili. Akaruhusu, akaweka masharti matatu: pasiwe na jina la mtu, pasiwe na jina la mahali, na kila kaseti niisikilize yote, mwanzo mpaka mwisho, kabla haijatoka chumbani. Nilisema ndiyo, Madamu. Na nilisikiliza. Nilisikiliza kila kitu isipokuwa sala, maana sala hatukuwa tunazirekodi, kwa hiyo hata nilipozikuta katika kaseti walizojirekodi nyumbani nilizihesabu kama hazipo.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nane, vumbi tupu. Madamu hayupo. Mama Neema alikuja kumjibu dada wa kuku, akasema maneno mazuri, akacheka, halafu akafumba macho akasema tuombe. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mkono mmoja na kubonyeza. Sikubonyeza. Upande wa pili mafundi walikuwa wanagombania mkasi, na maharage yangu yalikuwa yanaanza kunuka kuungua, nikainuka nikatoka nje. Nilimwaga maji kwenye sufuria, nikakoroga, nikatia chumvi, nikasimama kidogo kuonja. Niliporudi alikuwa anasema amina. Nikazima pamoja na amina yake, akafungua macho, akanikuta nimekaa kama mtu aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote. Jioni nikaisikiliza ile kaseti. Ilipofika "tuombe" nikavua visikilizio kwa mazoea. Kesho yake nikaipeleka Kanama.

Mwalimu hakunirudishia kwa siku tisa. Jumatatu nilipokwenda alinifungulia mwenyewe, akanipa kiti kilekile, akaniletea viazi na chai ya maziwa kama siku zote, lakini yeye hakula. Alikuwa amevaa gauni lile la bluu. Alikaa ananitazama ninavyomenya. Nilijua ana mume anayefanya kazi mjini na kurudi Jumamosi, kazi gani sikuuliza, na mtoto wao wa kiume alikuwa chumba cha pili anakohoa.

"Huwa unasikiliza sala zao?" akaniuliza.

"Hapana, mwalimu. Hatuandiki sala."

"Kasikilize hiyo. Ukiwa peke yako." Akanipa kaseti, ameirudisha nyuma mpaka mahali anapotaka. Kisha akasema kwa upole, kama anavyomwambia mwanafunzi: "Sikumwambia mume wangu kitu kuhusu kaseti. Hilo niliapa na nimelishika. Nimemwambia tu kwamba kuna mtu anatuombea, mimi na yeye na watoto, na nimemtajia anamwombea nini. Akakaa chini. Hakuuliza ni nani, kama mtu anayejua tayari."

Nilirudi mjini. Nikafunga mlango, nikavaa visikilizio. Sauti nzito ya Mama Neema ilikuwa imeshuka, karibu ya kunong'ona. "Mungu Baba, mi sina tena nguvu ya kumuchukia, inanichosha. Samehe Anastazi, ule mwenye anapimaka samaki. Angalia muke wake kule Kanama, hajui kitu, hana kosa. Umupe amani mu nyumba yake. Angalia mutoto wake Kizito, mwenye anaumwaka kifua, siku ile alikuja ku ziwa na babake alikuwa anatetemeka..." Nikazima. Mama yule alifumba macho akiamini mashine imezimwa, kama Madamu alivyozima kila mara mbele yake, akamtaja mtu kwa Mungu. Mimi nikamchukua Mungu wake nikampeleka mpaka mlangoni kwa mke wa mtu.

Siku mbili baadaye mbao zikaniambia yaliyobaki. Fundi mmoja alikuwa anamsimulia mwenzake: yule mama wa sambaza, mrefu, amefukuzwa ufukweni, beseni zake zimemwagwa, mwenye mzani amesema mbele ya watu wote kwamba mwanamke huyo ni mchawi, anaomba juu ya nyumba za watu mpaka zinaharibika. Mke wa bwana huyo amechukua watoto amerudi kwao Cyanzarwe. "Alimuombea nini?" mwenzake akauliza. "Alimuombea baraka," fundi akasema, wakacheka wote wawili, mashine zikaendelea.

Mama Neema alikuja siku iliyofuata, hana kikapu. Madamu alikuwa amesharudi lakini ametoka kwenda posta. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akaweka mikono magotini, viganja juu. Nilimwekea chakula, hakukigusa. "Dada," akaniambia, na ndivyo alivyokuwa akiniita ingawa nilikuwa mdogo kwake sana, "mi niliomba tu. Sikusema ku mutu. Anastazi amenikujia na maneno ya sala yangu, moja kwa moja, hata ya mutoto. Anasema muke wake alisikia. Atasikia wapi? Siku ile tulikuwa humu, mi na we."

Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia mpaka miguuni kwake. Nilikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno fupi: sikuzima. Niliwaza Madamu atanifukuza. Niliwaza utafiti utafungwa, wale wengine wanne wataogopa, kila mtu atasema tuliwauza. Niliwaza yote hayo kwa upesi, na leo najua yalikuwa ni sababu za kuazima. Nilimwogopa yeye. Niliogopa uso wake utakavyogeuka akijua. Na nilivyokuwa bado natafuta pa kuanzia, akajijibu mwenyewe.

"Ni Mungu," akasema polepole. "Mi nilisema ku Mungu, Mungu akaenda kusema kule."

Nikamsogezea sahani. Alikaa kidogo tena, kisha akainuka, akanipa pole kwa kunichelewesha kazi, akatoka. Pole alinipa mimi. Jioni ile kabla Madamu hajarudi nilivuta utepe wote kutoka kwenye ile kaseti, mita na mita, nikautia kwenye imbabura chini ya sufuria. Moshi wake ulikuwa mweusi. Maharage yakanuka plastiki, na kwa kuwa hakukuwa na kingine, niliyala.

Kikundi hakikufika mwezi wa kumi. Dada wa kuku hakurekodi tena, na wengine walipoona sauti zake na za yule mwenye sauti nzito zimetoweka, wakaacha mmojammoja bila kuuliza, kama watu wanavyoacha kwenda nyumba yenye msiba ambao hawakuelezwa. Madamu Perpetua aliandika kitabu chake, akaniletea nakala, na ndani yake kuna ukurasa mzima unaosifia wanawake wa Gisenyi, ndivyo mji wetu ulivyoitwa wakati ule, waliojiponya kwa sauti. Mwishoni amenishukuru kwa uangalifu wangu. Sikuweza kumwambia hata yeye. Anastazi aliendelea na mzani wake mpaka akazeeka, akastaafu, watu wakamfanyia karamu. Mama Neema alianza kupanda milimani Bugeshi kuchukua viazi na kuvishusha sokoni, akafanya hivyo mpaka mgongo ukakataa. Nilikuwa nanunua kwake hata nikiwa na viazi vingi nyumbani. Alikuwa ananiongezea kimoja kila mara, nami nilikuwa nakipokea.

Alhamisi tulimzika. Tuliporudi nyumbani kwake kunawa mikono, watu wakakaa kwenye viti vya kukodi uani, mchungaji akawauliza watoto kama mama yao alikuwa na sala aliyoipenda, tufunge kwa hiyo. Neema akasimama. Sasa ni mwanamke wa watu, ana watoto wakubwa, na ana sauti ileile nzito. "Mama hakuwa anaomba," akasema. Watu wakatazamana. "Alikuwa anakwenda kanisani, anakaa. Lakini kuomba kwa sauti aliacha mi nikiwa mutoto wa miaka tisa. Tulimuuliza. Alisema zamani aliombea nyumba ya mutu baraka, ile nyumba ikavunjika. Alisema: Mungu ananisikia vibaya, nikiwataja mutaharibika. Jioni tulikuwa tunakaa naye, anatuangalia mumoja mumoja, bila neno, halafu tunaenda kulala. Njo hiyo ilikuwa sala yetu." Mchungaji akakohoa, akaomba yake.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anafuta vikombe, peke yake, na nilipoanza kusema hakugeuka. Nilimwambia yote, rekoda, maharage, Kanama, kiti cha wageni. Sikuficha kwamba nilikuwa na nafasi ya kusema na nikasogeza sahani. Alifuta kikombe kimoja muda wote huo.

"Donc haikuwa Mungu," akasema.

"Haikuwa Mungu. Ilikuwa mimi."

"Na ulikuwa unakuja kununua viazi."

"Ndiyo."

Nilingoja anifukuze. Ningefurahi angenifukuza. Lakini aliweka kikombe chini, akageuka, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Lilikuwa jambo baya zaidi kwangu, alikuwa na matumaini. "Tantine, ile kaseti iko wapi? Iko na sauti yake anaomba?"

"Niliichoma."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepanga upya vitu mezani. "Lakini ulisikia. Nisemee. Alisema nini?"

Nikamsemea. Sikuwahi kuyasahau maneno yale, niliyasema kama yalivyotoka, mi sina tena nguvu ya kumuchukia, angalia muke wake, angalia mutoto wake Kizito mwenye anaumwaka kifua, alikuwa anatetemeka. Neema alikuwa amefumba macho. Niliponyamaza aliendelea kungoja hivyohivyo.

"Halafu?" akasema. "Alituombea nini, sisi?"

"Sijui, mwanangu. Hapo ndipo nilizima."

"Lakini aliendelea."

"Aliendelea."

Alifungua macho. Nje watu walikuwa wanaanza kuvuta viti, wanaagana. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana kama sala ilikuwa imebaki fupi au ndefu, na hilo nililijua kwa muda niliokaa nje na maharage, nikamwambia. Ilibaki ndefu.